Watalii ndani ya hifadhi za umma Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanaotaka kwenda hifadhini, na wanaoishi jirani nazo. Mara nyingi hawaulizi jambo moja, lakini majibu yao yanakutana.

Hifadhi ni mali ya nani, na msimamizi wake ni nani?

Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini tu kwa niaba ya wananchi. Hifadhi ni kipande cha ardhi hiyo kilichotengwa kwa sheria yake. Kinachowachanganya watu ni wingi wa wasimamizi. TANAPA wanasimamia hifadhi za taifa, kama Serengeti, Tarangire, Mikumi, Ruaha na Kilimanjaro. Ngorongoro ina mamlaka yake peke yake, NCAA. Mapori ya akiba na mapori tengefu yako chini ya TAWA, misitu na hifadhi za mazingira asilia, kama Amani kule Muheza, ziko chini ya TFS. Baharini kuna Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ambacho hifadhi yake ya kwanza ni ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Zanzibar inajitegemea kwa hili, na Jozani iko chini ya Serikali ya Mapinduzi.

Kujua uko kwa nani kuna faida, kwa sababu kinachoruhusiwa hubadilika ukivuka kigingi. Katika hifadhi ya taifa hakuna makazi ya wanakijiji, hakuna kuchunga, hakuna kuwinda. Katika pori la akiba mtalii mwenye leseni anaweza kuwinda. Ngorongoro watu wanaishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Nusu ya ugomvi unaosikia mtandaoni kuhusu "hifadhi" ni watu wawili wanaozungumzia maeneo mawili yenye sheria mbili tofauti.

Kwa nini nilipe kuona mali yangu mwenyewe?

Kwa sababu kuitunza kuna gharama, na wewe unalipa sehemu ndogo sana. Kwa miaka ya karibuni, raia wa Afrika Mashariki mtu mzima amekuwa akilipa shilingi 10,000 kabla ya VAT kuingia Serengeti, wakati mgeni kutoka nje ya ukanda huu hulipa dola 70 kabla ya VAT katika msimu wa watalii wengi. Watoto wadogo chini ya miaka 5 huingia bure. Viwango hupitiwa mara kwa mara, kwa hiyo ulizia kabla ya kufunga safari.

Ninachokubaliana nacho katika lalamiko hili ni kwamba kiingilio si ndicho kinachomzuia Mtanzania. Kinachomzuia ni gari. Mtu wa Musoma au Karatu anaweza kuitafuta elfu kumi, lakini hawezi kukodi Landikruza kwa siku mbili pamoja na mafuta na mwongozaji. Ndiyo maana Mikumi inawavuta watu wa Dar es Salaam kuliko hifadhi nyingi zenye sifa kubwa zaidi: ipo kandokando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar–Morogoro Juni 2024, familia inaweza kwenda na kurudi bila kuuza kiwanja. Ukitaka utalii wa ndani ukue, tangaza usafiri kwanza, halafu ndiyo utangaze simba.

Fedha za viingilio zinakwenda wapi?

Zamani TANAPA na Ngorongoro walikusanya wenyewe na kutumia wenyewe, wakichangia serikalini. Kuanzia Julai 2020, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kazi ya kukusanya ilihamia TRA, na fedha zikaelekezwa Hazina. Hifadhi zikaanza kutegemea bajeti inayorudishwa. Utaratibu huo umefanyiwa marekebisho baadaye, lakini mjadala wake haujaisha, na una mantiki pande zote mbili. Serikali inasema mapato ya umma yapite mfuko wa umma. Wahifadhi wanasema barabara ya hifadhini ikikatika mwezi wa nne haiwezi kusubiri mgao.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hifadhi chache sana zinajilipia. Serengeti, Kilimanjaro, Tarangire, Manyara na Arusha ndizo zinazobeba nyingine. Hifadhi kama Katavi, kubwa na nzuri, isingeweza kuwalipa hata askari wake kwa viingilio vyake. Kwa hiyo mtalii anayelipa Naabi, geti la Serengeti, analipa pia doria ya mahali ambapo hatafika kamwe. Na utegemezi huu una hatari yake: mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230; mwaka 2020, korona ilipoingia, wakashuka hadi 620,867. Majangili hawakwenda likizo mwaka huo. Tangu hapo idadi imepanda na kupita milioni 2 mwaka 2024, na sasa tatizo limegeuka kuwa la msongamano.

Je, kuna kikomo cha watalii wanaoruhusiwa kuingia?

Inategemea mlango. Hili ndilo jibu lenye maana kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Kila hifadhi ya taifa huwa na mpango mkuu wa usimamizi unaogawa eneo katika kanda: hapa hoteli, hapa kambi za kuhamahama, hapa kutembea kwa miguu, hapa pasiguswe. Kwenye karatasi mipango hiyo ni mizuri. Lakini kikomo kinashikika pale tu penye mlango mwembamba. Gombe ni mlango mwembamba: hifadhi ya kilomita za mraba hamsini na kitu, unafika kwa boti, unaanza kwa mapokezi, na unakwenda kuwaona sokwe na mwongozaji katika kundi dogo, kwa saa moja. Hakuna namna ya kuchomoka. Mahale hali kadhalika.

Kreta ya Ngorongoro nayo ina milango inayohesabika. Magari hushuka kwa barabara ya Seneto, hupanda kwa Lerai, na upande wa mashariki kuna barabara ya Lemala ya kushuka na kupanda. Ni lazima utoke jioni, kwa sababu hakuna anayelala chini. Halafu kuna bei: gari moja kushuka mara moja limekuwa likilipiwa dola 295 pamoja na VAT, mbali na viingilio vya watu. Ada hiyo ni kikomo kilichovaa nguo ya bei. Hata hivyo, mwezi wa nane asubuhi ukimwona faru kule chini utaona na paa za magari kibao. Bei kubwa hupunguza watu wenye fedha kidogo. Haipunguzi watu wenye fedha.

Serengeti ndiyo shida yenyewe. Kilomita za mraba 14,763, mageti mengi, viwanja vya ndege ndani, kambi zinazohama kufuata nyumbu. Hata kama ungejua idadi kamili ya magari yaliyoingia leo, usingejua yako wapi saa nne asubuhi. Na saa nne asubuhi ya Agosti jibu ni moja: yako Mto Mara. Ukigawa magari yote kwa ukubwa wa hifadhi, kila moja lina uwanja wa kuchezea mpira mara mia. Ukiyahesabu pale kwenye kivuko kimoja, hayana hata nafasi ya kugeuza. Kwa hiyo anayeuliza "watalii wangapi?" anauliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni wapi na saa ngapi.

Kwani Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kulitokea nini?

Julai 2025 ilisambaa video ya watalii walioshuka kwenye magari na kusimama ukingoni mwa Mto Mara, wakati nyumbu wanavuka. Wanyama wakajikuta wamezibiwa njia ya kupandia. Watu walikasirika, TANAPA wakatoa taarifa na kuahidi kubana usimamizi kwenye vivuko.

Wengi waliwalaumu watalii. Mimi naanzia kwa dereva, na si kwa kumtukana. Fikiria hali yake. Mgeni amelipa maelfu ya dola aone nyumbu wakivuka. Amebaki na siku moja. Dereva anategemea bahasha ya mwisho wa safari kuliko mshahara. Kwenye redio mwenzake anamwambia wameanza kushuka. Akisimama nyuma kama kanuni inavyotaka, mbele yake yataingia magari kumi na mgeni atauliza kwa nini wao hawaoni kitu. Hapo kanuni inashindana na ada ya shule ya watoto wake, na askari wa uhifadhi yuko mmoja kwa magari hamsini.

Kwa hiyo ukitaka kubadilisha kinachotokea mtoni, badilisha hesabu ya dereva. Kuna njia zinazojulikana. Moja ni adhabu inayoigusa kampuni yenye leseni, siyo dereva peke yake, ili bosi Arusha awe upande wa kanuni. Nyingine ni vituo vya kutazamia vilivyowekewa mipaka, ambapo anayefika mapema ndiye anayekaa mbele na anayechelewa hana pa kujipenyeza. Ng'ambo, upande wa Kenya, kwenye Pembetatu ya Mara, wana utaratibu wa magari yasiyozidi matano kwa simba au chui, na wengine wanasubiri zamu kwa dakika kumi kumi. Haupendwi na kila mtu, lakini unampa dereva neno la kumwambia mgeni: "Tunasubiri zamu yetu." Neno hilo linamwokoa.

Gari likitoka barabarani mita chache, kuna ubaya gani?

Gari moja, mara moja, pengine hakuna. Tatizo ni kwamba alama ya tairi ni mwaliko. Wa pili akiiona anadhani ni njia, wa tatu anaipanua, mvua ikinyesha inakuwa mfereji. Udongo wa nyanda za Ndutu na Naabi ni majivu ya volkano. Ukishavuliwa nyasi hauponi haraka.

Kisha kuna mbegu. Gugukaroti, lile gugu lenye maua meupe madogo lililoshika kandokando za barabara za Arusha, husafiri kwa matairi, kwa matope ya chasisi na kwa kifusi cha ujenzi. Mifugo hailipendi na wanyamapori hali kadhalika, nalo linaua majani mengine. Kuosha gari kabla ya kuingia si usafi tu.

Na kuna duma. Utafiti uliochapishwa 2018 ulilinganisha duma jike wa maeneo ya Maasai Mara yenye watalii wengi na wale wa maeneo yenye watalii wachache. Kule kwenye wachache, walilea kwa wastani watoto zaidi ya wawili kwa kila uzazi mpaka wakajitegemea. Kule kwenye wengi, wastani ulikuwa 0.2, maana yake uzazi mwingi haukutoa hata mtoto mmoja aliyekua. Duma huwinda mchana, anahitaji uwazi na utulivu. Magari yakimzunguka, swala anashtuka, naye analala njaa na wanawe. Hakuna aliyemgusa wala kumtupia jiwe.

Kilimanjaro mbona ni ghali hivyo? Na kwa nini kampuni nyingine ziko chini sana?

Piga hesabu ya mgeni mmoja kwa siku 6 njia ya Machame. Ada ya uhifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20 kwa safari, halafu VAT ya asilimia 18. Inazidi dola 800 kabla hujanunua hata kilo ya mchele. Ada hizi ni zilezile kwa kila kampuni.

Sasa ukikuta kampuni inauza safari hiyo kwa dola 1,000 na kidogo, jiulize imebana wapi. Haiwezi kubana getini. Inabana kwa wagumu, ndio wapagazi, kwa mwongozaji na kwa mpishi: malipo ya chini, mlo mmoja kwa siku, hema la kulala watu wengi kupita kiasi, mtu anakwea na viatu vya kuazima kwenye baridi ya kambi ya Barafu. Kanuni inasema mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini mizani haipimi kama amekula. Mtalii anayejisifu kwa kupata bei ya kutupa anapaswa kujua nani amemlipia tofauti.

Usimamizi wa mlima wenyewe una faida ya milango myembamba: njia zinajulikana, kila kundi linaandikishwa, Mweka imetengwa kwa kushukia ili watu wasipishane. Marangu ina vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na vitanda vikijaa vimejaa. Pamoja na hayo moto ulipowaka Oktoba 2020 ulianzia huko huko kwenye njia ya Marangu, eneo la kupumzikia, na uliunguza kwa siku nyingi huku wanafunzi na wanakijiji wakipanda kusaidia kuuzima. Kuni zilishapigwa marufuku mlimani siku nyingi. Ukimwona mpishi wa kundi lako anawasha moto wa kuni, mkatalie, hata kama chai itachelewa.

Wazo la mwaka 2019 la kuwapandisha watalii mlimani kwa gari la kebo huulizwa kila mara. Wagumu walilipinga kwa sababu iliyo wazi: anayepanda kwa kebo hahitaji watu wa kumbebea mizigo.

Ngorongoro: watu waondoke au wakae?

Hili si swali la utalii peke yake, na anayelijibu kwa sentensi moja anakudanganya. Mambo machache yasiyobishaniwa ni haya. Mwaka 1959 Serengeti ilitenganishwa na Ngorongoro. Wamaasai waliotoka Serengeti walikubaliwa kuishi Ngorongoro, na sheria ikaweka shughuli tatu pamoja: uhifadhi, maendeleo ya wafugaji na utalii. Mwaka 1974 walioishi ndani ya kreta wakatolewa. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Watu walikuwa kama 8,000 mwanzoni. Kufikia 2022 walikuwa wamezidi laki moja. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia Msomera, Handeni, wale inaosema wamejiandikisha kwa hiari. Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kudai haki zao, zikiwamo za kupiga kura, na Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao Arusha na kutangaza tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya uhamaji.

Langu ni moja, nalo linahusu mada ya ukurasa huu. Mazungumzo ya msongamano wa Ngorongoro huhesabu ng'ombe na maboma kwa umakini mkubwa. Magari, vitanda vya hoteli za ukingo wa kreta, maji wanayotumia na barabara inayobeba kila gari la kwenda Serengeti huhesabiwa kwa sauti ya chini. Kama eneo limezidiwa, basi wote wanaolizidia wawekwe mezani. Mfugaji anayeambiwa apunguze mifugo huku akitazama hoteli ikiongezwa vyumba ana haki ya kuuliza.

Nani anaruhusu hoteli ijengwe ndani ya hifadhi?

Msimamizi wa hifadhi, kwa kufuata mpango mkuu na baada ya tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mwekezaji hamilikishwi ardhi. Anapewa kibali cha miaka kadhaa na hulipa kwa kila mgeni anayelala. Hili la kulipia kwa kichwa kwa usiku lina mtego. Linaifanya mamlaka ipate zaidi kadiri vitanda vinavyojaa, kwa hiyo mlinzi wa kikomo ndiye anayefaidika kikivukwa.

Upande wa Kenya, baadhi ya hifadhi za jamii kuzunguka Maasai Mara zilitatua hilo kwa kuanza na hesabu ya ardhi. Olare Motorogi wanaruhusu hema moja kwa ekari 700, na wenye ardhi wanalipwa kodi ya pango kila mwezi, watalii waje wasije. Ni wachache wanaolala, wanalipa sana, na simba mmoja hawezi kuzungukwa na magari thelathini kwa sababu magari thelathini hayapo.

Kijiji chetu kinapakana na hifadhi. Tunapata nini?

TANAPA wana mpango wa ujirani mwema: darasa, zahanati, kisima, nyumba ya mwalimu. Miradi mingi ni ya kweli na inaonekana. Udhaifu wake ni kwamba inaamuliwa na mkubwa, na tembo anapokula shamba la mama mmoja, darasa la kijiji cha tatu halimfuti machozi.

Kwa hilo la pili kuna kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa. Majina yenyewe yanakwambia: si fidia, hailingani na hasara. Taarifa itolewe mapema kwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, na shamba lipigwe picha kabla halijasafishwa. Ukichelewa, umekosa.

Njia yenye nguvu zaidi ni jumuiya za hifadhi za wanyamapori, WMA, ambako vijiji vinatenga ardhi yao wenyewe na kuingia mikataba na wawekezaji: Ikona karibu na Serengeti, Burunge na Randilen karibu na Tarangire, Enduimet chini ya Kilimanjaro. Hazilingani. Zilizo jirani na hifadhi maarufu zina fedha, zilizo mbali zinahangaika, na makato yanayokatwa ngazi za juu kabla fedha haijafika kijijini ni lalamiko la kila mwaka.

Kuna na njia ya nne isiyosemwa sana. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kiliingia makubaliano na kampuni za utalii zinazokilipa kila mwaka ili nyanda zake za malisho zisilimwe. Sababu? Nyumbu na pundamilia wa Tarangire wakati wa mvua hutoka hifadhini kwenda kuzalia huko, kwenye ardhi ya vijiji. Shoroba, yaani njia hizo za wanyama, zikilimwa, Tarangire inabaki na geti na mibuyu.

Barabara za hifadhini zikitiwa lami si mambo yangekuwa rahisi?

Yangekuwa rahisi kupita kiasi. Mikumi inakatwa na barabara kuu kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa humo miaka yote, licha ya matuta na faini. Pendekezo la barabara kuu kukatiza kaskazini mwa Serengeti lilifika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2014 iliizuia Tanzania kujenga ya lami pale. Nyumbu zaidi ya milioni moja hawasomi alama za barabarani. Barabara ya vumbi iliyochongwa vizuri, yenye mifereji, inatosha, ila ichongwe kabla ya msimu.

Nina mafua kidogo tu. Kwa nini nikataliwe kwenda kwa sokwe?

Kwa sababu mafua yako kidogo yanaweza kuwa kifo kwao. Sokwe wanapata magonjwa yetu ya njia ya hewa, na milipuko imeshawaua Gombe na Mahale. Barakoa, umbali wa mita kumi na saa moja vimewekwa kwa ajili hiyo. Rwanda, ambako kibali cha kuwaona gorila ni dola 1,500 tangu 2017, mgeni mgonjwa anazuiwa pia, na hapo hakuna anayeona aibu kumrudisha mtu aliyelipa fedha zote hizo. Bei ile imewezesha Rwanda kutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi kwa jamii za jirani.

Naweza kuingia na gari langu dogo?

Kiangazi, Mikumi na Arusha, ndiyo, kwa barabara kuu za ndani. Masika, hapana, hata kama binamu yako alifanikiwa. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, benki, kadi au simu. Fedha taslimu getini usizitegemee.

Mifuko ya plastiki na droni?

Mifuko imepigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga na cha hifadhi yenyewe. Bila hivyo itakamatwa.

Rafiki yangu Mzungu anaishi Arusha. Anaweza kuongoza watalii?

Kama si raia, hapana. Sheria ya Utalii ya 2008 iliwatengea raia wa Tanzania kazi hiyo, na amri ya Julai 2025 ya biashara zisizoruhusiwa kwa wageni ikarudia.

Nikiona gari linamkimbiza duma nifanye nini?

Andika namba ya gari, jina la kampuni lililo mlangoni, mahali na saa. Piga picha inayoonyesha gari na mnyama pamoja, siyo sura za abiria. Mpe askari wa kwanza unayemkuta, au ofisi ya geti unapotoka, na uombe waandike mbele yako. Kama uko na dereva, usimlazimishe kumkabili mwenzake pale porini. Wanakutana kila wiki. Wewe unaondoka, yeye anabaki, kwa hiyo lalamiko liwe na jina lako.